Asilimia 11 ya nani?

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Ilipofunguliwa juu ya baraza pale Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, ilionekana imefutwafutwa hadi imeanza kuchakaa. Upande wa kushoto majina ya shule saba za biashara, upande wa kulia asilimia. Stanford 7. Harvard 11. Nyingine 15, nyingine 20. Chini kabisa zote zimejumlishwa, na jumla yake imezungushiwa duara la wino.

Mwenye karatasi ni binti wa miaka 27, mhasibu wa kampuni ya uwakala wa mizigo inayohudumia bandari ya Kililana. Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa, punda wanapita na magunia ya mchanga. Akaweka kidole kwenye mstari wa Harvard.

"Mwalimu, hii kumi na moja ni yangu, au ni ya watu wote?"

Nilinyamaza.

Wiki sita sasa swali hilo halijaniachia. Karibu kila anayetaka kwenda kusoma MBA, shahada ya uzamili ya biashara, kwenye shule kubwa huanzia hapo, na wengi huishia papo hapo. Wanatafuta kikokotoo mtandaoni, wanaingiza alama, umri na nchi, wanapewa namba. Namba ikiwa ndogo wanakata tamaa. Ikiwa kubwa wanajaza fomu harakaharaka. Kwa vyovyote vile, uamuzi mzito umefanywa kwa kutegemea namba isiyowahusu.

Hesabu ya mlangoni

Jibu fupi ni kwamba kumi na moja ni ya wote.

Harvard ilipokea maombi 9,856 kwa darasa la kuhitimu 2026, na walioingia darasani wakawa 930. Ukigawanya unapata kama 9. Mbona basi watu husema 11? Kwa sababu shule huwakubali watu zaidi ya viti ilivyo navyo, ikijua baadhi yao watakwenda kwingine. Kwa hiyo waliokubaliwa ni hesabu moja, waliosajiliwa ni nyingine, na ukikuta jedwali limezichanganya, liweke pembeni.

Lakini tuseme ni 11 barabara. Ndani ya maombi yale elfu tisa na ushei mna waliojaza fomu usiku wa mwisho. Mna ambao insha yao iliandikiwa shule nyingine na jina halikubadilishwa. Mna waliojiandaa miaka miwili, wakarudia mtihani mara tatu, wakamketisha bosi wao chini na kumweleza wanakwenda kusomea nini. Kumi na moja ni wastani wa hao wote waliomwagwa katika chungu kimoja. Wapo ambao nafasi yao iko karibu na sifuri, na wapo ambao yao inapita nusu.

Na ile jumla iliyozungushiwa duara ilinipa shida zaidi, maana asilimia za shule mbalimbali hazijumlishwi. Chukua shule tano, kila moja 10. Ukitaka nafasi ya kupata angalau moja, tafuta kwanza nafasi ya kukosa zote: 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano, yaani 0.59. Inayobaki ni 41 kwa mia, wala si 50. Hata hiyo 41 inasimama pale tu ambapo kila shule inaamua kivyake, kama kete tano zilizorushwa mbalimbali. Shule haziamui hivyo. Zote zinasoma faili moja. Barua ya bosi wako ikiwa dhaifu, ni dhaifu Boston, ni dhaifu London, ni dhaifu Fontainebleau.

Kuongeza shule ya sita kwa faili lenye tundu lile lile ni kuongeza ada ya maombi tu. Ada hizo kwa shule za juu za Marekani ni kama dola 250 kila moja. Zipo zinazosamehe ada kwa asiye na uwezo, lakini msamaha unaombwa kabla ya kutuma fomu, na wengi hulijua hilo baada ya kulipa.

Unasomwa pamoja na nani

Kamati ya kuteua wanafunzi haitafuti watu 930 wenye alama za juu kabisa. Inajenga darasa. Harvard hufundisha kwa visa vya kampuni vinavyojadiliwa na darasa zima, na mjadala wa namna hiyo hufa ikiwa wote wametoka kwenye benki moja. Kwa hiyo faili lako husomwa karibu na mafaili yanayofanana nalo: wahasibu na wahasibu, wahandisi na wahandisi, Waafrika wa Mashariki waliotoka kampuni za ukaguzi na wenzao.

Hapo ndipo binti wa Kililana alipojidharau bila sababu. Wahasibu ni wengi mno. Wahasibu walioshika hesabu za mizigo katika bandari ambayo meli yake ya kwanza ilitia nanga Mei 2021, bandari ambayo taratibu zake zilikuwa zinaandikwa huku kazi ikiendelea, ni wachache sana.

Nami nina onyo hapo hapo. Kutoka mahali adimu hakumbebi mtu. "Ninatoka Lamu, mji wa urithi wa dunia" ni sentensi ya mtalii. Kinachobeba ni kile ulichokifanya mahali hapo, kikielezwa kwa namba ambazo mtu wa nje anaweza kuzipima. Tuseme kutoa kontena kulichukua siku tisa, ukabadilisha mpangilio wa hati, zikawa sita. Tuseme madeni ya wateja yaliyopita siku 90 yalikuwa theluthi ya vitabu, ukayashusha hadi sehemu ya kumi. Sivii ni ukurasa mmoja. Kila mstari ambao hauna kilichobadilika unakula nafasi ya mstari ambao unacho.

Halafu shule zenyewe hazifanani. INSEAD, ile ya Fontainebleau Ufaransa, inasomwa miezi 10, ina madarasa yanayoanza Januari na yanayoanza Agosti, na mwombaji huhojiwa na wahitimu wawili wa shule hiyo. Wanaoanza Januari hupata nafasi ya kufanya kazi ya mafunzo katikati. Wanaoanza Agosti kwa kawaida hawaipati. Anayetaka kuhama kutoka uhasibu kwenda fani mpya kabisa akiomba darasa la Agosti bila kueleza atavukaje pasipo mafunzo hayo, ameonyesha kwamba hakuisoma shule anayoiomba. Mwenye miaka minane au kumi ya kazi naye ajiulize kama MBA ya miaka miwili, ambayo wengi wake wana miaka 27 au 28, ndiyo inayomfaa. Stanford ina programu ya mwaka mmoja iitwayo MSx inayotaka angalau miaka 8 ya kazi, na Sloan Fellows ya MIT inataka 10. Nafasi ya mtu huyo huyo inaweza kuwa finyu kwenye mlango mmoja na nzuri kwenye mlango wa jirani.

Na walio bado chuoni, Pwani kule Kilifi au kokote, wanaweza kuomba Harvard katika mwaka wao wa mwisho kupitia mpango wa 2+2, wakakubaliwa, kisha wakafanya kazi kwanza miaka miwili au zaidi. Ni wachache sana pwani hii wanaolijua hilo kwa wakati.

Alama mbili zenye sura moja

GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara, ilibadilika, na mabadiliko hayo yanawavunja watu moyo bure.

Toleo jipya lilianza Novemba 2023, na la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024. La zamani lilihesabiwa kutoka 200 hadi 800, jipya ni 205 hadi 805. Mizani zinafanana kwa sura na hazifanani kwa uzito. Alama 645 za sasa ziko sawa na takriban 700 za zamani. Mtu anapata 645, anasoma ukurasa wa zamani unaosema darasa la Harvard lina 740 katikati, anadhani yuko nyuma kwa karibu alama 100, anaacha. Namna ya kuzitofautisha ni nyepesi: alama za toleo jipya zote huishia na 5, za zamani ziliishia na 0. Ukiona 740, hiyo ni mizani ya zamani.

Na 740 ya katikati maana yake kama nusu ya darasa iko hapo au chini ya hapo. Ila usijitie moyo kupita kiasi. Walio chini ya katikati mara nyingi wana kitu kingine kizito kwenye faili. Jiulize chako ni kipi, na ukijibu kwa maneno bila ushahidi, rudia mtihani.

Mtihani wenyewe una sehemu tatu za dakika 45: hesabu maswali 21, lugha na hoja 23, usomaji wa takwimu 20. Kwenye hesabu hakuna kikokotoo. Kwenye takwimu kipo, kwenye skrini. Katika kila sehemu unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Unaona alama zako kwanza, ndipo unaamua kuzituma au la. Ukirudia, lazima zipite siku 16, na ndani ya miezi 12 huwezi kuufanya zaidi ya mara tano. Alama zinadumu miaka mitano, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja mwaka wa maombi ili uanze.

Kabla ya kununua kitabu chochote, fanya moja ya mitihani miwili ya majaribio inayotolewa bure na wenye GMAT. Ifanye kwa saa yake kamili, simu ikiwa chumba kingine. Alama utakazopata siku hiyo ndizo namba za kwanza zilizo zako kweli. Kutoka hapo, mtu anayefanya kazi mchana ahesabu miezi mitatu au minne kwa saa 10 hadi 15 kila wiki. GRE, mtihani mwingine wa kuombea shule, nayo inakubaliwa na shule zote nilizozitaja, ni fupi tangu Septemba 2023, chini kidogo ya saa mbili, na mwenye msamiati mpana wa Kiingereza hufanya vyema zaidi huko. Jaribu zote mbili za bure kabla ya kuchagua.

Kuhusu kuufanyia nyumbani mtandaoni: fikiri sana. Masharti ni chumba kimoja kilichofungwa, kamera inakuangalia muda wote, na mtu akiingia msimamizi anaweza kuukatisha mtihani. Nyumba zetu za Lamu hazikujengwa kwa ajili hiyo. Ua ni mmoja, watoto wanapita, jirani anabisha hodi huku ameshaingia, na stima ikikatika hakuna wa kumlaumu. Nauli ya ndege kutoka Manda au ya basi kutoka Mokowe hadi Nairobi ni gharama, lakini ni ndogo kuliko kulipia mtihani mara mbili. Fika siku moja kabla, uende na pasipoti.

Sabini ya Kenya

Hili halizungumzwi vya kutosha.

Katika vyuo vyetu vingi 70 ni A, na anayefika hapo kwa wastani anapata daraja la kwanza. Daraja la pili la juu ni 60 hadi 69. Msomaji wa Marekani aliyelelewa kwenye mizani ambayo 90 ndiyo A akiona 68, 64, 71, jicho lake linaona mwanafunzi anayechechemea. Wasomaji wazoefu wa maombi ya Afrika wanajua tofauti hiyo. Lakini usiache faili lako likutane na msomaji asiyejua.

Transkripti nyingi za Kenya zina maelezo ya mizani upande wa nyuma. Watu huskani upande wa mbele peke yake. Skani pande zote mbili. Kama chuo chako hakikuyachapisha maelezo hayo, omba ofisi ya msajili ikuandikie barua fupi inayotaja mizani na, ikiwezekana, nafasi yako darasani. "Wa 4 kati ya 112" inaeleweka Tokyo, inaeleweka Boston. Wala usijibadilishie alama mwenyewe kuwa mizani ya Kimarekani ya 4.0, andika kama zilivyo kwenye transkripti. Wanaojibadilishia hukosea, na kosa hilo likigunduliwa linasomeka kama udanganyifu hata kama halikuwa.

Omba transkripti mapema sana. Kuna vyuo ambako hiyo ni kazi ya wiki moja na kuna ambako ni ya miezi, hasa pakiwa na deni dogo la maktaba ambalo hukumbuki.

Na jina. Pwani hii mtu mmoja ni Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye cheti cha sekondari, Mohammed kwenye shahada, na pasipoti imeondoa jina la babu. Shule hukagua hati baada ya kukukubali, na mara nyingi ukaguzi hufanywa na kampuni ya nje isiyojua kwamba majina hayo ni mamoja. Panga hati zako zote mezani leo. Zikitofautiana, rekebisha kinachorekebishika, na kwa kisichorekebishika andaa hati ya kiapo kwa wakili. Jina unalojisajilia mtihani lifuate pasipoti herufi kwa herufi, kwa sababu anayekuzuia mlangoni siku ya mtihani haangalii kingine.

Wapo pia wenye kazi zisizo na barua: aliyeendesha nyumba ya wageni ya familia Shela, aliyesimamia boti tatu za shangazi yake Malindi. Kazi hizo ni halali kabisa machoni pa shule, mradi zithibitike. Leseni ya kaunti, rekodi za ushuru za KRA, taarifa za benki au za M-Pesa ya biashara, mikataba na wateja. Zikusanye kabla hujaandika mstari hata mmoja.

Barua inayosema ukweli

Shule nyingi hutaka barua mbili za mapendekezo, na mmoja wa waandishi awe msimamizi wako wa moja kwa moja. Hapa faili nyingi nzuri huzama.

Namna ya kwanza ya kuzama ni cheo. Mtu anakwenda kwa mbunge, kwa mwenyekiti wa bodi, kwa mjomba wake aliye wizarani. Barua inarudi na nembo nzuri na haina neno. Fomu inayotumiwa na shule nyingi huuliza mambo mawili mazito: utendaji wa mtu huyu ukilinganishwa na wenzake waliofanya kazi kama yake ukoje, utoe mifano, na ni ushauri gani mzito wa kumrekebisha uliowahi kumpa, na aliupokeaje. Mbunge hawezi kujibu swali la pili. Msimamizi wa zamu aliyekuona ukikosea hesabu ya meli na kukaa hadi saa nne usiku kuirekebisha anaweza.

Namna ya pili ni ile sentensi tunayoijua sote: "Andika wewe, nitatia saini." Bosi anadhani amekusaidia, na kwa desturi zetu kumkatalia ni kumvunjia heshima. Lakini shule zinakataza, barua mbili zikiwa na mtindo mmoja na insha zako hugundulika, na zaidi ya hayo mtu hajui kujielezea kasoro zake kama mwingine anavyomwona. Njia ya heshima ipo. Mwambie: "Mzee, fomu inatumwa kwenye barua pepe yako, na wanataka maneno yako. Nimekuletea karatasi moja yenye kazi tulizofanya pamoja na tarehe zake, ikukumbushe." Nenda naye dakika 30, kwa kahawa. Mpe wiki sita. Mkumbushe wiki mbili kabla. Atumie barua pepe ya kazini ikiwa anayo.

Aliye kwenye biashara ya familia asimtumie baba wala ami. Mteja mkubwa, msambazaji, mkaguzi wa hesabu au mwenyekiti wa ushirika watafaa.

Haya ya kusema "nilifanya"

Kati ya yote, hili ndilo ninalolijali kuliko mengine.

Mtoto wa Lamu amelelewa asijisifu. Aliyefanya kazi peke yake usiku kucha atasema "tulijaaliwa, ikaisha". Ni adabu nzuri, na sitaki mtu aipoteze kwa sababu ya fomu. Lakini insha iliyojaa "tulifanya", "ilionekana vyema", "mradi ukafanikiwa" haina mtu ndani yake, na msomaji wa Boston hana njia ya kujua kwamba ukimya ule ni heshima. Anaona mtu ambaye hajulikani alifanya nini.

Harvard tangu 2024 inauliza maswali matatu mafupi, moja la maneno 300 na mawili ya 250: kuhusu uamuzi na malengo yako ya kazi, kuhusu yaliyokufanya uwekeze kwa wengine, na kuhusu udadisi wako na ulivyokua kwa sababu yake. Stanford kwa miaka mingi imeuliza ni jambo gani lina uzito zaidi kwako, na kwa nini. Maneno 250 ni aya mbili. Hakuna nafasi ya salamu ndefu.

Ninachoshauri ni kuandika kwanza kwa Kiswahili, kama unamsimulia nduguyo mkubwa aliyekuwa safarini: kilitokea nini, wewe ulisema nini, nani alikukatalia, ulibadilisha nini. Kisha kila "tulifanya" iulize: nani hasa? Pale ulipofanya wewe, andika nilifanya. Pale alipofanya mwenzio, mtaje kwa kazi yake. Kumtaja mwenzio hakukupunguzii. Kunaonyesha unaona kazi ya wengine, na hilo ndilo moja ya maswali yao.

Kuna kosa la upande wa pili, la kuuza dhiki. Kama umaskini au hofu ya barabara ya Lamu imeunda maamuzi yako, useme mahali ulipofanya uamuzi. Ukitandazwa insha nzima ili umlize msomaji, unamwacha bila jibu la swali aliloliuliza.

Mahojiano nitayapita haraka. Ukiitwa, ile hesabu ya mlangoni haikuhusu tena, maana shule humwita mtu ambaye inafikiria kweli kumpokea. Anayekuhoji Harvard amesoma faili lako lote na ana dakika 30, usimsomee tena. 

Kukubaliwa na kwenda

Karatasi ya Mkunguni haikuwa na safu ya pesa. Bila safu hiyo huwezi kuijua nafasi yako ya kukaa darasani.

Karo ya Harvard peke yake inapita dola 75,000 kwa mwaka, kabla ya nyumba, chakula na bima. Harvard na Stanford hazikuangalii kipato wakati wa kukuteua, na misaada yao hutolewa kwa kupima uhitaji. Lakini msaada huo kwa kawaida hujengwa kwa mafungu mawili, ruzuku na mkopo. Fungu la pili lina riba.

Kwa nyumba nyingi za hapa jambo hilo halina mjadala mrefu, na shule haitakuuliza. Ni wewe unayepaswa kuliuliza kabla ya kuomba, kwa sababu linabadilisha orodha yote. Anayeepuka riba atafute kwanza shule zenye ruzuku kubwa kwa wenye kipato kidogo, kisha wafadhili wa nje, kisha programu za mwaka mmoja ambazo gharama yake yote ni ndogo, kisha shule za Afrika kama zile za Cape Town na Stellenbosch, ambazo zina ithibati zote tatu kubwa za kimataifa.

Chevening ya Uingereza ni ruzuku kamili kwa shahada nyingi za mwaka mmoja, ila kwa MBA ina kikomo cha karo, pauni 22,000, na karo ya Oxford au London inapita hapo mbali. Tofauti ni juu yako. Inataka saa 2,800 za kazi, kozi tatu utakazoziomba, na ahadi ya kurudi nyumbani miaka miwili. Dirisha lake hufunguliwa Agosti, mapema kuliko watu wanavyodhani, na shule zenyewe bado hazijakujibu.

Viza ya Marekani nayo inakutaka uonyeshe pesa ya mwaka wa kwanza. Ndiyo sababu duru ya tatu ya maombi, kwa shule zilizo nayo, ni finyu mno kwa mtu wa kwetu: hata ukikubaliwa, muda wa kutafuta pesa na viza umekwisha.

Kusi na kaskazi

Duru ya kwanza hufungwa mwanzoni mwa Septemba, kusi ikiwa inamalizia. Ya pili mwanzoni mwa Januari, kaskazi imeshatulia. Nahodha wa jahazi haulizi ana asilimia ngapi za kufika. Anaangalia upepo, anaangalia maji yanayovuja wapi, anaamua aondoke sasa au azibe kwanza.

Kwa hiyo nilipomwona tena binti wa Kililana, tulifuta ile safu ya kulia. Mahali pake tukaandika kila sehemu ya faili, na mbele yake mambo mawili: nani anaweza kuibadilisha, na inachukua wiki ngapi. Miaka ya kazi haibadiliki kabla ya Septemba. Daraja la shahada halibadiliki tena. GMAT ni wiki 14. Barua ya msimamizi ni wiki 6, lakini bosi wake anasafiri Julai. Transkripti haijulikani, kwa hiyo inaanza kesho. Jina la babu halipo kwenye pasipoti; wakili, wiki moja. Ukijumlisha na yakavuka Septemba, omba Januari ukiwa na faili zima. Kati ya faili lililokamilika la duru ya pili na la kwanza lenye alama za kubahatisha, ningechagua la Januari kila mara.

Halafu tulimtafutia wasomaji watatu: mmoja anayemjua, mmoja asiyemjua kabisa, na mmoja aliyewahi kupitia shule za namna hii. Kila mmoja asome faili lote kwa dakika 15, kisha aseme, bila kuangalia, mambo matatu anayokumbuka. Wote watatu wakikumbuka mamoja, faili limesimama. Kila mmoja akija na lake, bado.

Shule saba zimebaki nne. Mstari wa kwanza, wa transkripti, umeshapigwa alama. Aliskani pande zote mbili. Mstari wa riba ameuacha wazi. Anasema atazungumza na babake kwanza.